Dakika Kumi za Gundi

Mtu akiulizwa swali moja mara arobaini, mwishowe hata jina lake mwenyewe huanza kulitilia shaka. Kiraka alikuwa amefika hapo. Swali lenyewe lilikuwa fupi: tangu shemeji yako aseme yale maneno mpaka kaka yako amchome kisu, zilipita dakika ngapi? Polisi walimuuliza wakiwa wamesimama, wakamuuliza wakiwa wamekaa. Majirani walimuuliza kwa huruma iliyochanganyika na umbea. Na sasa wakili wa kaka yake, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, alikuwa anamuuliza akiwa na kalamu tayari.

"Sijui, mama," Kiraka alisema. "Kweli kabisa sijui."

"Moja? Tano?"

"Zote naziona sawa."

Wakili aliweka kalamu chini. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vyombo, na mafaili yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani, mwanga ukawa unapita kwa taabu. Alimweleza tena, polepole, kama anayemlisha mgonjwa. Sheria, alisema, inajua kwamba binadamu si jiwe. Mtu akichokozwa kwa tusi la kumtoa akilini, akapandwa na hasira papo hapo, akaua kabla hasira haijapoa, sheria haisemi hana kosa, lakini haimweki fungu moja na yule aliyekaa akapanga. Huyo kaua bila kukusudia. Atafungwa miaka yake, atatoka. Lakini akishapata nafasi ya kutulia, ndipo akainuka kuua, hapo hakuna tena habari ya kuchokozwa. Hiyo ni kusudi, na malipo ya kusudi ni kitanzi.

"Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye huo muda," alisema wakili. "Na wenzetu wana ushahidi wa muda. Wana kiatu."

Kiraka alizijua habari za kiatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapa.

Mambo yalikuwa hivi. Karakana yao ya viatu ilikuwa chumba chenye mlango mmoja, kati ya fundi wa kuchomelea mageti na duka la nguo za watoto. Walikuwa watatu humo ndani. Kaka ndiye aliyeirithi kutoka kwa baba yao. Kiraka alikuwa mdogo wake, aliyebandikwa jina hilo tangu utotoni kwa kuokota mabaki ya ngozi. Wa tatu ni Shemeji, mume wa dada yao, ambaye hakujua kushika nyundo ila alijua sana kushika wateja. Shemeji alikaa meza ya mbele akipokea viatu na kumwaga maneno. Alimtania kila aliyepita, na zaidi ya wote alimtania Kaka, maana shemeji asipokutania ujue amekununia. Kaka naye hakuwa mnyonge, alijibu. Kuna wateja walioleta viatu vizima ili wapate tu kukaa kusikiliza.

Jambo moja tu halikuwa la utani. Miaka miwili kabla ya siku ile, binti wa Kaka, mtoto wa miaka sita, alishikwa na homa kali asubuhi. Shemeji ndiye aliyembeba kumkimbiza hospitali. Kaka alisema anakuja nyuma yao, ila kuna jozi za viatu vya shule ameshazipaka gundi, akiziacha zitaharibika zote, azibandike tu. Gundi ile ya njano ina masharti yake. Unapaka soli, unapaka kiatu, unaviweka mbali mbali, unangoja dakika kumi mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo unavikutanisha na kugonga. Ukiwahi haishiki, ukichelewa haishiki. Kaka alizibandika jozi zote, moja baada ya nyingine. Alipofika hospitali mtoto alikuwa ameshafunikwa shuka.

Sasa siku yenyewe. Mwalimu mmoja alileta kiatu kilichoachama mdomo. Kaka aling'oa soli ya zamani, akakata mpya, akapaka gundi huku na huku, akaviweka mezani vipoe. Mwalimu akauliza kama itachukua muda.

"Dakika kumi, mwalimu. Gundi ikauke."

Shemeji akacheka kule mbele. "Mwalimu, wewe nenda zako urudi jioni. Huyu ukimtajia gundi, hata binti yake alimngoja hospitali mpaka roho ikachoka kungoja."

Ulimi hauna mfupa. Kwa nini ulimpeleka huko siku hiyo, hakuna aliyejua. Labda hata yeye hakujua, maana uso wake ulibadilika kabla hajamaliza kucheka. Mwalimu aliona haya, akasema atapita baadaye, akatoka. Fundi wa mageti alikuwa anakata chuma, mashine inalia mtaa mzima. Kiraka anakumbuka kaka yake akisimama. Anakumbuka kisu cha kukatia soli. Anakumbuka Shemeji akikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, na Kaka akitoka mlangoni na kisu mkononi, akaenda kwa miguu mpaka kituo cha polisi kujisalimisha. Halafu anakumbuka askari wakiingia.

Lakini kati ya mwalimu kutoka na Kaka kusimama palipita nini? Na kati ya Kaka kutoka na askari kuingia palipita nini? Hapo Kiraka alikuwa na vipande viwili vya giza, na hakujua kipi kirefu na kipi kifupi.

Askari walikuta kiatu cha mwalimu kiko mezani, soli imeshabandikwa na kugongwa, imara. Kulikuwa na mpelelezi mmoja mwenye sauti ya upole. Alimuuliza Kiraka, kiatu hubandikwaje? Kiraka, ambaye mchana kutwa alikuwa ameulizwa mambo asiyoyajua, alifurahi kuulizwa kitu anachokijua. Akamweleza gundi yote, na dakika zake kumi, na namna ya kuijaribu kwa kidole. Mpelelezi akaandika neno kwa neno, kisha akajumlisha: mwalimu ameondoka matusi yameshatoka na soli bado iko mbali, sisi tumekuta soli imebandikwa, kumbe mtuhumiwa alikaa akangoja, akabandika, akagonga, ndipo akaua. "Mtu mwenye hasira hagongi soli," alisema mpelelezi, na kwa kweli ilikuwa vigumu kumpinga. Mdomo huponza kichwa, wanasema, lakini mdomo wa Kiraka ulikuwa umeponza kichwa cha mwingine.

Ubaya ni kwamba Kiraka naye alianza kuamini. Siku nyingine alifumba macho akamwona kabisa Kaka amekaa, kidole juu ya gundi, anajaribu. Siku nyingine akafumba macho, kiti cha Kaka akakiona kitupu.

Kisha kulikuwa na Dada. Siku ya tatu ya msiba, watu walipopungua, Dada alimvuta pembeni. Daktari alikuwa amesema mumewe hakufa pale pale. Huenda aliishi robo saa.

"Ulikuwa naye?" Dada aliuliza.

"Nilikuwa naye."

"Ulimshika?"

"Nilimshika mkono, dada. Mpaka mwisho."

Ilimtoka yenyewe. Wala hakuhisi kama anadanganya, maana mtu angefanya nini kingine? Na Dada akalishika neno hilo, akaishi nalo mwaka mzima. Aliwaambia wanawe, akawaambia majirani. "Mume wangu alimshika mtoto wa kaka mpaka mwisho," alikuwa akisema, "na Mungu akampa naye wa kumshika." Kwa Kaka mahabusu hakutia mguu hata siku moja. Lakini Kiraka alipikiwa chakula kwake kila jioni, na sahani yake ilifunikwa akichelewa.

Wiki moja kabla ya kesi, Kiraka alikwenda mahabusu. Kaka alikuwa amekonda, akaja kwenye wavu akiburuta ndala.

"Unakumbuka uliposimama?" Kiraka alimuuliza. "Ulisimama pale pale, au ulikaa kwanza?"

Kaka alishika wavu kwa vidole.

"Mdogo wangu, kunyongwa si hoja. Nimeua mtu, tena mtu aliyembeba mwanangu. Lakini hawa watu wanasema niliingoja gundi. Mtu ananitonesha kwa mwanangu, nami nakaa naingoja gundi. Tena." Aliegemeza paji la uso kwenye wavu. "Nakuambia niliinuka hapo hapo. Halafu usiku nalala, nasikia wananiuliza, naanza kusema, huenda. Mara ya kwanza si niliingoja? Kwa nini isiwe na mara ya pili?"

Kiraka alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Alitaka kumsaidia kaka yake hata kwa uongo, lakini hata uongo unataka mtu ajue ukweli uko wapi ili aukwepe.

Siku ya kesi, saa nne asubuhi, aliitwa kizimbani kama shahidi wa upande wa mashtaka. Chumba kilikuwa na feni mbili, moja inazunguka. Jaji alikuwa mzee mwenye kikohozi. Kaka alikaa kati ya askari wawili, mbali, karibu na ukuta. Dada alikaa benchi la tatu peke yake, mkoba magotini, hakuegemea upande wowote. Wakili wa serikali alikuwa kijana nadhifu aliyejaa maneno, ila kisigino chake cha kushoto kilikuwa kimelika vibaya. Kiraka hakuweza kujizuia kukitazama.

"Shahidi, nakuonyesha kielelezo namba mbili. Kitambue."

Akampa kiatu cha mwalimu, kimetolewa kwenye mfuko wa plastiki, kina kibandiko kwenye kamba. Kiraka hakuwa amekiona tangu siku ile. Alikipokea kama fundi yeyote anavyopokea kiatu: akakipindua chini juu.

Mwanzo alidhani amekishika kinyume. Akakigeuza. Akakirudisha.

Soli mpya siku zote hukatwa kubwa kidogo kuliko kiatu. Ukianza kuibandika upande mmoja ukawa unaisukuma kuelekea wa pili, ziada yote inajikusanya mwishoni, na pale ndipo unapokata kwa kisu. Kaka alifundishwa na baba yao kuanzia kisigino, kwa hiyo ziada yake hutokea vidoleni. Kiraka alipondwa dole gumba la kushoto kwa nyundo angali mwanagenzi, likapoteza nguvu za kukandamiza kisigino, akajizoeza kuanzia vidoleni. Ziada yake hutokea kisiginoni. Miaka kumi na mitano Kaka alikuwa akimsimanga kwa hilo, akisema huko ni kuvaa suruali kuanzia kichwani.

Katika kiatu hiki, soli ilikuwa imezidi kisiginoni, upana wa ukucha. Haikuwa imekatwa. Isingeweza kukatwa, kwa sababu kisu kilikuwa kimeshaondoka na Kaka.

Dole gumba bovu la Kiraka lilikuwa limejiweka lenyewe pale linapowekwa siku zote, juu ya vidole vya kiatu, na likafaa. Basi zile dakika kumi hazikuwa upande ule zilikotafutwa. Zilikuwa upande huu. Kaka alisimama hapo hapo, akaua, akatoka. Na yeye Kiraka alibaki kwenye kigoda, Shemeji yuko sakafuni anakata roho, akaona kiatu kimepakwa gundi. Akangoja. Akajaribu kwa kidole. Ilipokuwa tayari, akabandika, akagonga.

Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Shahidi, unakitambua?"

Aliinua macho. Katika chumba kile chote hakuna aliyeweza kusoma soli ile isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikaa mbali kwa ukuta. Neno moja tu, "nakitambua", arudishe kiatu, ashuke. Dada angerudi nyumbani na mkono wake wa kushikwa. Kaka angekwenda kitanzini akiamini kwamba aliingoja gundi mara mbili. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo tulivyofundishwa, lakini hatukufundishwa cha kufanya ukiambiwa wewe ndiye mpakuaji.

"Mheshimiwa Jaji," alisema Kiraka, "kiatu hiki nimekibandika mimi."

Wakili wa serikali alitabasamu kidogo. "Lini?"

"Kaka alipokwisha kutoka."

"Polisi uliwaambia hukumbuki."

"Bado sikumbuki. Nakisoma tu hapa." Akaonyesha kisiginoni, akaeleza. Alieleza vibaya, akarudi nyuma, akaanza tena, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kumtazama kama mtu anayetafuta njia ya kumtoa ndugu yake. Hapo akainama, akafungua kamba, akavua viatu vyake viwili na kuviweka juu ya ubao wa kizimba. Soksi moja ilikuwa na tundu. Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Cha kulia alinibandikia Kaka kabla hajakamatwa. Cha kushoto nilijibandikia mwenyewe. Tazameni kisu kilipopita."

Jaji alikohoa, akaomba vipelekwe kwake. Akavitazama kwa muda mrefu, kimoja kimoja, na kile cha mwalimu akakiweka katikati. Cha kulia kilikuwa na alama ya kisu vidoleni. Cha kushoto kilikuwa nayo kisiginoni.

Wakili wa serikali hakutabasamu tena. "Kwa hiyo unaiambia mahakama kwamba mtu anakufa mbele yako, nawe unangoja gundi ikauke?"

"Ndivyo inavyoonekana."

"Dakika kumi nzima?"

"Ningewahi isingeshika," alisema Kiraka. "Na imeshika."

Kule ukutani Kaka alikuwa ameficha uso kwa viganja vyote viwili. "Sikungoja," alisema, si kwa jaji wala kwa wakili, akarudia tena mpaka askari akamgusa begani. Kiraka alimhurumia na kumwonea wivu kwa pamoja. Upande wa Dada hakuthubutu kutazama.

Shauri liliahirishwa alasiri. Wakili mama alimfuata Kiraka kwenye korido, miwani inaruka kifuani. "Umemwokoa kaka yako," alisema. "Hawana tena pa kushika. Sasa ni hasira ya papo hapo, hata wao wanajua." Akamshika mkono kwa nguvu, akaondoka haraka na mafaili yake.

Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho la korido. Kiraka alimwendea, kamba za viatu hazijafungwa, akakaa kando yake. Watu walipita wakielekea nje. Alitamani Dada amtukane, ampige hata kofi, lakini Dada alikuwa anatazama mikono yake tu, ile iliyoingia gundi kwenye mistari na haitoki.

"Uliniambia ulimshika mkono."

"Nilidhani nilimshika. Sikukudanganya kwa makusudi, dada."

"Mikono yako ilikuwa na kiatu."

"Ndiyo."

Dada aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayehakikisha anwani. "Aliomba kitu?"

"Sikumbuki."

"Kiraka, dakika kumi ni nyingi. Kile chumba nakijua, ukipiga chafya mbele wanasikia nyuma. Mtu anayekufa husema kitu. Aliita? Aliomba maji? Alinitaja?"

Kiraka alifumba macho. Gundi aliiona. Kidole chake alikiona, na soli, na nyundo. Nyuma ya vyote hivyo kulikuwa na sauti, lakini huenda ilikuwa mashine ya jirani inakata chuma, na huenda chini ya mashine kulikuwa na nyingine, ndogo. Alijitahidi kuzitenganisha.

"Kuna sauti," alisema. "Sijui kama ni mashine."

"Kumbuka."

"Dada, sina hakika kama..."

"Nimesema kumbuka."

Korido ilikuwa imebaki tupu. Mlinzi alikuja kutoka upande wa pili, anafunga milango mmoja baada ya mwingine, mpaka akawafikia. Akasimama na rundo la funguo.

"Mama, samahani, tunafunga."

Dada hakumwondolea macho ndugu yake.

"Tuvumilie kidogo, mwanangu," alisema. "Huyu kuna jambo analikumbuka."